Wifi yangu, Kiholanzi changu na nyumba ya Mama

Wenzangu, leo sina uso. Nimejifungia chumbani, na huko sebuleni bado wanacheka.

Mnajua mie nasoma sheria, na muhula ujao naenda Uholanzi kimasomo. Basi nahangaika na istilahi za sheria za Kiholanzi usiku na mchana. Za sheria tu. Maji ya kunywa siwezi kuomba kwa Kiholanzi, lakini kukupeleka mahakamani naweza.

Kaka yangu Haitham kaoa huko huko Uholanzi. Mkewe, Marieke, yupo hapa kwetu Al Amerat, Oman, kwa mara ya kwanza, kaja kumwona mama mkwe. Mpole, anachekacheka. Mie tangu siku ya kwanza sikumwamini. Mtu gani anacheka asubuhi kabla ya chai? Halafu juzi nikamkuta anapima madirisha ya sebule kwa utepe. Nikamwuliza, anafanya nini? "Napima tu."

Napima tu! Nyumba katuachia marehemu Baba, yeye anaipimia nini? (Sheria imeniharibu. Siku hizi hata paka akinitazama sana naona ana kesi na mie.)

Leo Ijumaa, watu washarudi kuswali, Haitham katoka kwenda kununua soda. Napita karibu na jikoni, namsikia Marieke anazungumza na mama yake kwenye simu. Kwa sauti ya chini. Nikasimama nyuma ya mlango. (Bahati mbaya tu, jamani. Nilisimama bahati mbaya mpaka mguu ukafa ganzi.)

Maneno yanapita mbio, siambulii kitu. Mara nikalinasa moja: *beslag*. Moyo ukapiga paa! Hilo nalijua. Ni kuzuia mali ya mtu kwa amri ya mahakama. Kidogo, *gerecht*. Mahakama yenyewe! Kisha *rechter*. Hakimu! Kisha tena *beslag*, na kicheko.

Nikaenda kwa Mama mbio.

"Mama, nyumba inataka kuzuiwa."

"Inazuiwa na nani?"

"Wifi. Kataja mahakama, kataja hakimu. Nimesikia kwa masikio yangu."

Mama akanitazama. "Una hakika, Thuraya? Nawe Kiholanzi chenyewe ndo kwanza unajifunza."

"Mama, haya ndo maneno ninayosomea!"

Basi. Mama akampigia simu Ami Salim, mdogo wake Baba, aje kutoka Darsait upesi. Akaingia chumbani, akatoka kavaa bangili zake zote za dhahabu, kutoka kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono, na mikono ya kanzu juu yake. Ati mali iliyo mwilini haizuiwi. (Sijui kasoma wapi sheria hiyo. Mie sikumpinga.) Kila akipumua, bangili zinalia.

Ami Salim akafika, kavaa dishdasha iliyonyooka, fimbo mkononi, hata kahawa kaikataa. Tukakaa sebuleni watatu, kama majaji. Nikamwita Marieke.

Akaja mbio kutoka jikoni, kakumbatia bakuli kubwa, pua ina unga. Akatuona tulivyonuna. Tabasamu likampotea. Nikajisemea, haa, dhamiri inamsuta!

Sasa, ningeweza kumwuliza kwa Kiingereza, ndiyo lugha tunayosemezana naye kila siku. Lakini mwanasheria huyu alitaka kumkamata kwa lugha yake mwenyewe. Nikasimama. Nikasema kwa Kiholanzi, polepole, kwamba sisi tunajua kila kitu kuhusu *beslag*.

Marieke akageuka mwekundu. Akatazama bakuli. Akaniuliza kwa sauti ndogo, karibu kulia:

"Is het te dun?"

Neno la mwisho sikulijua. Lakini Ami Salim alilisikia.

"Duni? Katuita sisi duni?" Fimbo ikapiga sakafu. "Ndani ya nyumba ya kaka yangu?"

"Ami, ngoja kwanza..."

"Mwambie aondoe hilo zuio lake sasa hivi!"

Na hilo nalijua vizuri kabisa! Kuondoa zuio. Kitabuni wameandika kwamba *beslag* "linainuliwa". Nikamnyooshea Marieke kidole, sauti ya mahakamani:

"Hef het beslag op!"

Marieke akanitazama. Akamtazama Ami na fimbo yake. Kisha, taratibu, akaliinua lile bakuli juu ya kichwa chake.

Akabaki hivyo hivyo, bakuli juu. Tone zito likadondoka.

"Zulia langu!" Mama akaruka, bangili zote zikapiga kelele.

Ndipo Haitham akaingia na soda zake. Akamkuta mkewe kainua bakuli, Ami kainua fimbo, nami kidole bado kimenyooka.

"Kuna nini humu?"

Nikamweleza kwa kujiamini. *Beslag*, *gerecht*, *rechter*, ushahidi wote. Haitham akanisikiliza mpaka mwisho, akaketi chini sakafuni, akacheka mpaka soda moja ikabiringika chini ya kochi.

Kumbe *beslag* mahakamani ni kuzuia mali, na jikoni ni unga uliokorogwa kwa maziwa na mayai. *Gerecht* ni mahakama, na pia ni chakula. *Rechter* ni hakimu, na pia ni upande wa kulia, alikuwa anamwambia mama yake sufuria ipi inapata moto vizuri. Na alichoniuliza ni kama unga umekuwa mwepesi sana. Alikuwa anatupikia chapati za maji za kwao. Hajawahi kumpikia mama mkwe, kaogopa kuharibu, ndo maana akampigia mama yake.

"Na madirisha?" nikauliza. (Bado sijakubali kushindwa, mnaona.)

"Mapazia," Haitham akajibu. "Kataka kumshonea Mama kwa ajili ya Idi. Ilikuwa siri."

Mama akamwendea Marieke. Akalishusha lile bakuli mikononi mwake, akamfuta unga puani kwa ncha ya mtandio wake. Marieke akaanza kulia, Mama naye akalia, bangili zikalia. Ami Salim akaitaka ile kahawa aliyoikataa. Mie nikatafuta mlango.

"Wewe, hakimu! Unakwenda wapi?" Mama akanishika. "Mwombe radhi wifi yako. Kwa hicho hicho Kiholanzi chako."

Jamani, msinicheke, naumia. Nilimwomba radhi kwa unyenyekevu wote, mkono kifuani, kwa maneno ya kitabu changu cha sheria. Marieke akanisikiliza, akaziba mdomo, akaanguka kwenye kochi kwa kicheko. Haitham pia. Sijui nimesema nini, na sitaki kuambiwa.