Duara Lisilo na Mbele

Jumapili, 6 Julai

Tangu niolewe nimewapikia chai wageni wa kanisa. Madhabahuni wanawake huitwa kufagia tu. Basi leo wachache wetu tumeanza ibada yetu wenyewe, sebuleni kwa Mama Jerusa, nesi mstaafu, hapa Kaplong. Hakuna mchungaji. Hakuna mwenyekiti. Viti tumevipanga kwa duara ili asiwepo wa mbele. Wazo zuri sana! Lakini kundi lisilo na kiongozi litaongozwa na nani? Mimi Loice, fundi wa nguo, niko tayari.

Jumatano, 9 Julai

Nimenunua kitambaa cha zambarau. Nashona joho. Ukivaa joho huhitaji kupigiwa kura, watu hujua wenyewe. Mume wangu Clifford ameuliza kama ni pazia. Nikaendelea kushona.

Jumapili, 13 Julai

Aibu! Nilifika mapema, nikavuta kiti changu katikati, nikakaa na joho langu. Wakonyo, mwenzetu muuza viazi wa Londiani, akadhani nimesogea kwa sababu ya baridi. Akakirudisha kiti kwa upole, akanivika shali yake. Joho lote likafunikwa!

Kisha akasoma jinsi Maria Magdalena alivyotumwa kuwaambia wanaume kwamba Bwana amefufuka, nao wakaona ni upuuzi wa wanawake. Anasoma vizuri. Inaudhi.

Mmoja akauliza kama ni dhambi kumwita Mungu Mama. Nikakohoa ili nitoe uamuzi. Mama Jerusa akaniwahi. Akasema Kiswahili kimeturahisishia: Yeye ni Yeye, nani alisema lazima awe na ndevu? Kicheko. Uamuzi wangu ungekuwa mrefu zaidi.

Halafu Nelvine akasema. Nelvine huchuma chai, na hatukuwa tumewahi kusikia sauti yake. Mwezi wa tatu alijifungua mtoto wa kike aliyekuwa tayari amekufa. Mzee wa kanisa alikataa kuja kuomba kwa sababu Nelvine hana mume. Mtoto akazikwa nyuma ya nyumba ya nyanya yake, karibu na majani chai, bila jina, amefungwa kwa gunia safi.

"Mimi nilitaka tu mtu aseme alikuwepo," akasema.

Nilikuwa nimeandaa ushuhuda mzito. Sikukumbuka hata neno moja.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefumua joho. Mshono kwa mshono. Limetoa shuka dogo la mtoto, lenye pindo. Clifford akaja kukaa kando yangu. Nikamweleza. Akauliza mtoto aliitwa nani. Nikamwambia hakuitwa. Akachukua sindano, akanitungia uzi. Macho yake siku hizi si mazuri, ilimchukua muda. Nilimsubiri.

Jumapili, 20 Julai

Tumeenda kwa nyanya yake Nelvine. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani chai. Nelvine akatandika shuka juu ya udongo, akalinyoosha pembe zote kama anatandika kitanda. Tukasimama tukimzunguka. Nikasubiri nione nani ataongoza. Hakuna aliyejitokeza. Hata mimi nilishindwa.

Nelvine mwenyewe ndiye aliyeomba. Akasema mtoto anaitwa Chepkoech, kwa sababu alikuja kukipambazuka. "Huyu ni wangu," akamwambia Mungu. "Mshike vizuri kichwa."

Nililia mpaka kamasi. Wakonyo akanishika mkono. Nyanya akatupatia mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, tukapokezana, kila mmoja akimshikia mwenzake.

Njiani nimewaza sana. Kweli hatuhitaji kiongozi. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Sitalisahau.

Jumatatu, 21 Julai

Wanawake wa Ndanai wamesikia habari zetu. Wamempigia Mama Jerusa, wanataka kuanza duara lao. Yeye akatuambia tutafakari pamoja Jumapili, tuone nani ana nafasi ya kwenda kukaa nao.

Jumapili ni mbali! Nimewapigia mwenyewe. Nimewaambia Alhamisi watatembelewa na Mama Mlezi Mkuu wa Maduara Yote. Wakauliza maduara yako mangapi. Nikawaambia, pamoja na lenu, mawili.

Kimya kirefu upande ule. Nafikiri walivutiwa.