Mnirudishie Mpelelezi Wangu

Gereji ya Fundi Tajudini,
Buyenzi, Bujumbura,
9 Machi 1998.

Kwa Bwana Komanda Aloys,
Mkuu wa Kikosi cha Kupambana na Dawa za Kulevya.

YAH: KUCHUKULIWA KWA FUNDI WANGU, AMBAYE PIA NI POLISI WENU

Bwana Komanda,

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahili cheo chako, nakuandikia nikiwa na uchungu. Jumatatu iliyopita vijana wako wanne waliingia gerejini kwangu wakamchukua Shaabani akiwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana. Walimvuta kwa hiyo hiyo miguu. Tangu siku ile mmemfungia kwenu, na nasikia kosa lake ni kwamba ameona kitu. Naomba arudishwe. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, maana serikali hupenda namba.

1. Huyo Shaabani si Shaabani. Ni Népomuscène, polisi wako mwenyewe, uliyemtuma miezi saba iliyopita ajifanye fundi ili ajue nani anapitisha bangi ndani ya magari yanayotengenezwa Buyenzi. Usishtuke kwamba najua. Avenyu yetu, mtaa mzima wa mafundi, ilijua kabla ya chai ya saa nne. Alikuja na sanduku lenye kle zote za kufungulia nati, kuanzia namba nane hadi thelathini na mbili, hakuna hata moja iliyopungua. Bwana Komanda, tangu nchi iwekewe vikwazo vya biashara, avenyu yetu ina kle ya kumi na tatu moja tu. Asubuhi iko kwangu, adhuhuri iko kwa fundi jirani, Faridi, jioni tunaitafuta mpaka msikitini. Mtu mwenye kle zote siku hizi ama ni mwizi ama ni serikali, na mwizi asingezipanga kwa mfuatano. Mama Houda, anayetuuzia chapati, alimtazama mara moja tu akasema: "Huyu mutu ni polisi, mi apana mujinga. Lakini mumuache, iko na njaa."

Tukamwacha.

2. Mafunzo yenu ni haba. Mlimwambia ajifanye Mwislamu, lakini hakuna aliyemwonyesha namna ya kuswali. Ijumaa ya kwanza akajiweka ubavuni mwa mzee Hamimu ili amwige. Sasa mzee Hamimu ana goti bovu, huswali juu ya kiti. Basi kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye magoti ya kupandia milima, naye akatafuta kiti. Wiki tatu tulikuwa na watu wawili wanaoswali vitini, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha, kwa sababu tungemsahihisha tungekuwa tumemfichua, na katika vita hivi kumfichua mtu ni kumzika. Mwishowe mzee Hamimu, kwa huruma tu, Ijumaa moja alijikaza akaswali wima ili kijana naye asimame. Alisimama. Tangu hapo hadi mlipomchukua hakukosa safu, hata siku ambazo hakuna wa kumdanganya. Ila goti la mzee halijapona mpaka leo, na hilo goti liko juu ya kikosi chako.

3. Ulinzi wake mlituachia sisi bila hata kutuuliza. Watu wenye bunduki walipopita wakiulizia wageni, Mama Houda aliapa kwamba ni mtoto wa dada yake. Byamungu wa Uvira, ambaye hamjui hata baba yake mzazi vizuri, alidai wamesoma pamoja. Mimi nilimwita "Shaabani" kwa sauti kubwa mara arobaini kwa siku mpaka koo likakauka. Mlimtuma atupeleleze, tukaishia kumlea. Ni aibu kwa pande zote mbili.

4. Sasa nafika kwenye kosa lenyewe. Wiki mbili zilizopita dereva wako alituletea gari lako jeupe, lile ambalo halipekuliwi kwenye bariyeri yoyote ya barabarani toka hapa hadi mpakani. Alisema mlango wa nyuma umekuwa mzito, haufungi. Shaabani akafungua bolti za bamba lake la ndani. Ninyi mnadai aliona kilichokuwamo. Bwana Komanda, huyu mtu haoni! Nimemkuta akitafuta rejeta inavujia wapi huku maji yanamdondokea kwenye paji la uso. Kwa miezi saba ameegemea pipa la unga la Mama Houda bila kugundua kwamba lina petroli ya magendo, na chapati zenyewe zinanuka. Hata kama mlango wako ulijaa majani, yeye angedhani ni ya kuzuia kelele. Polisi mwerevu nakubali mumfunge, maana ni hatari kwa kikosi. Lakini huyu mjinga mnamfungia nini? Hana alichoona, hana alichoandika, hana atakachosema. Nipeni mimi, nimeshamzoea.

5. Dada yangu Saliha hupeleka chakula kwenye lango lenu kila siku. Sufuria inarudi tupu, na anayesifia pilau, ila analalamikia pilipili, ni askari wa langoni. Hatujui kama Shaabani anakula. Hatujui kama anapumua. Hapa naacha mzaha kidogo: naogopa, Bwana Komanda. Katika mji huu watu wengi wamechukuliwa asubuhi, na jioni hakuna aliyethubutu kutaja majina yao. Huyu ana majina mawili, na sisi tunayakumbuka yote mawili.

Kwa hiyo naomba aachiliwe kabla ya swala ya Ijumaa hii, pamoja na viatu vyake.

Nisalimie mama watoto, watoto, na dereva. Askari wa langoni mwambie Saliha amesikia, atapunguza pilipili.

Ni mimi, raia wako mtiifu mwenye mikono ya grisi,

Fundi Tajudini

P.S. Nimesoma tena namba 4, naona nimekosea. Aliona. Alitoa vifurushi kumi na kimoja mlangoni mwako, akaandika tarehe, namba ya gari na jina la dereva, akasaini kwa jina alilopewa na mama yake. Chini yake tumesaini mashahidi kumi na tisa. Vifurushi na karatasi viko kwa watu wasioishi Buyenzi. Ulichosafirisha tangu siku ile ni sombe ya Mama Houda, majani ya muhogo yaliyokaushwa, kwa hiyo wateja wako wakikohoa, usimpige dereva. Mlango ukigongagonga njiani, ni bolti moja haikurudi. Ni ya kumi na tatu, na kle ilikuwa kwa Faridi.

Wale watu wana amri ya kupeleka kila kitu kwa mwendesha mashtaka na kwa magazeti Ijumaa saa nane mchana, isipokuwa tukimwona Shaabani kwenye safu. Mzee Hamimu amemshikia nafasi. Cha kukalia hatukumwekea. Akija akahitaji kiti, tutajua mmemfanya nini, na vifurushi vitaondoka vilevile.

F.T.