Kikomo cha Milioni Mbili

Jumanne, 7 Oktoba. Bwera.
Swaib amenunua Fuso la pili! Mnunuzi wa kahawa tu, hata shule hakumaliza. Mimi, dalali wa mpakani mwenye cheti, nina pikipiki moja. Na leo amempelekea mzee Fidèle gunia la mchele. Najua anachotafuta: Aimée, binti wa mzee, muuza vitenge, ambaye nilishamposa mimi. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Ila dawa nimeipata. Chama chetu cha kuzikana kipitishe kikomo: mwanachama asipate zaidi ya milioni mbili kwa mwezi. Kinachozidi kiende kwa wajane. Tuone Fuso la tatu litatoka wapi.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Siku ya soko. Nimezunguka na karatasi mpaka Kisinga. Sahihi mia moja na kumi na nne! Sikujua watu wana hasira hivi na matajiri. Kila mmoja anauliza kwanza kama yeye yuko juu au chini. Nikimwambia chini, anaomba kalamu. Kaswera wa samaki amesema milioni mbili ni nyingi mno, iwe moja.

Sahihi ya kwanza kabisa ni ya mzee Fidèle. Kasema hata kwao Butembo, Kongo, matajiri wamezidi kiburi. Huyo ndiye baba mkwe!

Jumapili, 12 Oktoba.
Mkutano. Mwenyekiti Ocen, afande mstaafu, aliamuru mikono juu. Ikapanda yote, hata wa Swaib! Akaamuru mikono chini, sheria imepita. Kisha akauliza nani amezidi kikomo. Swaib akasimama, akasema magari ni ya mama yake, yeye ni dereva tu, analipwa laki sita. Mama yake akaitikia kwa kichwa. Na swala tano hawakosi, hao!

Nilikuwa nainuka kupinga. Mzee Fidèle akaniwahi, kifua mbele.

“Danieri anapataka milioni ine ku mwezi. Alinielezaka yeye mwenyewe, siku alikuya kuomba binti yangu.”

Nilimwambia, ndiyo. Ulitaka niseme laki tatu ninazopata? Watu wote wakanigeukia, Aimée pia. Ocen akataka jibu fupi: kweli au uongo. Ningekana, ningempoteza Aimée palepale. Nikasema kweli. Wakapiga makofi. Milioni mbili za ziada niwape wajane, mwisho Ijumaa.

Ijumaa, 17 Oktoba.
Nimeuza pikipiki. Aliyeinunua ni mama yake Swaib. Wajane wameniombea baraka, nikaenda kwa miguu kwa mzee Fidèle nikitegemea shukrani.

Kanipa kiti, kanipa soda, kaniambia kwa upole kwamba posa imekwisha. Mtu anayekatazwa kupita milioni mbili hawezi kumtunza binti yake. Nikamkumbusha nani alitia sahihi ya kwanza.

“Ile sheria iko muzuri sana juu ya batu bengine,” akasema. “Kwa mukwe wangu, hapana.”

Mnafiki! Mkono juu mchana kweupe, halafu nyumbani mambo mengine!

Aimée alinisindikiza hadi barabarani. Alisema habari ya laki tatu aliijua siku nyingi, na zingemtosha. Kilichomshinda ni kunisikia nikisema “kweli” mbele ya watu huku nikimtazama yeye. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa bado nabishana na baba yake moyoni.

Jumatatu, 20 Oktoba.
Nimepata njia! Kikomo cha mahari. Mbuzi watatu, basi. Mzee Fidèle hatakuwa na la kusema, na Aimée atarudi. Karatasi mpya, vijana kumi na tisa wametia sahihi kabla ya saa sita. Haki ni haki, kwa kila mtu!

Mama amesoma karatasi. Akauliza kama nimesahau kwamba dada yangu Immy anaolewa Desemba huko Bugoye, na tumeshakubaliana mbuzi kumi na wawili.

Sijasahau. Nimeongeza mstari chini: sheria ianze Januari.