Marehemu Gudea wa Lagashi

Jumatatu, 14 Oktoba 2024
Jumapili shirika letu, jumuiya ya sala ya mtaa wa Kadutu, linachagua rais. Wagombea wawili: mimi na Télesphore, fundi wa viti, anayejua nyimbo zote za kanisa na hajui kitu kingine. Mimi nitashinda kwa akili. Nimegundua kwamba makumbusho makubwa ya dunia yanafunguka kwenye simu. Bure! Leo nimezunguka Misri yote nikiwa kitandani. Mega za intaneti zimeisha mbele ya lango la buluu la Babeli.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimempata mtu wangu. Gudea, mkuu wa mji wa Lagashi, huko Mesopotamia. Sanamu ya jiwe jeusi, mikono kifuani, uso wa mtu wa sala. Nimemweka kwenye statut ya WhatsApp: picha, jina, 2144–2124. Maneno "kabla ya Kristo" hayakupata nafasi. Chini nimeandika: Kiongozi mwenye sala. Mwenye akili ataelewa ninamsema nani.

Jumatano, 16 Oktoba
Mlango umegongwa alfajiri. Maman Bintu na wamama wanane wa shirika, vitenge kiunoni, wamebeba majani ya sombe, maharagi, makala ya kupikia. Wanalia! Nilikuwa nimesahau kabisa: hapa kwetu picha, jina na tarehe mbili kwenye statut maana yake mtu amekufa. Maman Bintu aliniuliza Gudea alikuwa nani kwangu. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikawahesabu. Kura tisa. Nikasema baba mdogo, wa kijiji cha Lagashi, huko mbali mbele ya Shabunda.

Mke wangu ameyabeba maharagi jikoni bila kunitazama. Binti yetu Gloire alisema kwa tarehe hizo marehemu hajazaliwa bado. Nimemtuma maji.

Ijumaa, 18 Oktoba
Matanga yamepamba moto. Nimehesabu kura thelathini na moja zikila maharagi uani. Télesphore mwenyewe ameleta viti ishirini na kuongoza nyimbo. Maskini, anajichimbia kaburi! Muzee Philémon aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema marehemu alikuwa na mwili mgumu. Nikakubali kwamba hakuwa mtu wa kuuguaugua.

Jumapili, 20 Oktoba
Uchaguzi. Kabla sijafungua mdomo, Télesphore akasimama kwa upole: "Papa Apollinaire iko mu matanga. Tumuache apumuzike." Wote wakaitika. Ndiyo desturi, mfiwa hapewi kazi. Jina langu likafutwa ubaoni. Nilitaka kupiga kelele kwamba Gudea ni jiwe! Lakini wamama tisa walikuwa wamenishika mabega wakinibembeleza. Télesphore amepata kura zote. Hata yangu. Imeniuma sana.

Jumatatu, 21 Oktoba
Rais mpya amekuja kunisalimia. Kiti cha makamu wake wamekiacha wazi hadi matanga yaishe, na watu wananitaja! Kumbe huruma inafanya kazi. Nilikosea siku tu. Akauliza kama marehemu ameacha mjane, shirika limwombee. Nikasema ameacha. Akaomba picha.

Nimerudi makumbusho, upande wa Misri. Nimempata mara moja. Mama mtulivu, shingo ndefu, kilemba kirefu cha buluu. Jicho moja halipo. Watamhurumia sana.