Poda ya Dhahabu na Rundo la Kiabakari

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nyumbani, Iringo. Poda imefika. Ameituma Jenipher, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mkemia. Ikinasa ioni za dhahabu majini, hung'aa buluu chini ya tochi ya kukagulia noti bandia. Kisha huchujwa, na dhahabu hutolewa. Jumamosi wachimbaji wa Kiabakari wataamua ni nani apewe rundo lao la marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa lakini haukuisha dhahabu: mimi, au Mwalimu Maige wa fizikia na karai lake. Karai. Katika karne hii.

Jumatano, 11 Juni
Jenipher amepiga simu. Amesisitiza vyombo visuuzwe kwa maji ya mvua tu. Vijana huuita uvivu utaratibu. Nimeosha chupa zote kwa sabuni ya unga, ile inayometesha nguo nyeupe. Mara tatu. Sikusuuza sana, usafi usije ukapotea.

Ijumaa, 13 Juni
Maji yaliyochuruzika kutoka rundoni yameng'aa vizuri mno. Mke wangu, Yunis, ameuliza kwa nini nisipime pia maji ya bomba. Nimemweleza kwamba mtu hatafuti kitu asikokitarajia. Akauliza kama ndiyo sababu miwani yangu huwa anaiona yeye.

Jumamosi, 14 Juni
Stoo ya kikundi cha wachimbaji, madirisha yamezibwa kwa magunia. Chupa iling'aa. Makofi. Mwenyekiti, Mama Wegesa, alikwisha kushika kalamu. Ndipo Maige akaomba, kwa upole unaokera, nipime maji yake ya kunywa, aliyoyachota ziwani na kuyachemsha. Niliyamimina katika chupa yangu nyingine, nikatia poda. Yaling'aa vilevile. Akanusa chupa yangu, akauliza ni sabuni gani. Kisha akamulika shati lake. Likang'aa, bila poda.

Mama Wegesa akaichukua tochi, akajimulika. "Mwalimu, tunakuheshimuga sana. Ila na gauni langu nalifuaga kwa hiyo hiyo. Na lenyewe tulichenjue dhahabu?"

Emanuel, mlinzi, alicheka hadi akakaa chini. Rundo amepewa Maige. Mimi nilipewa sato mzima, na kiti chenye mgongo. Siku haikuwa mbaya.

Jumapili, 15 Juni
Jenipher amefafanua kwamba sabuni ya unga hutiwa kemikali zinazong'aa, ili nguo zionekane nyeupe. Ni maelezo mazuri, nami nimemshukuru. Kasoro yake ni moja: yanadai kwamba mimi nimekosea. Yapo mepesi zaidi. Maji ya Maige yalitoka ziwani, nayo yaling'aa. Basi dhahabu imo ziwani. Yeye ana rundo. Mimi nina ziwa zima.

Kesho alfajiri, Kisorya, kando ya ziwa, kabla Maige hajang'amua. Madumu ishirini nimekwisha kuyaosha. Yananukia vizuri sana.