Mlinda Amani wa Ploti Yetu

Jumatatu, 1 Septemba

Nekesa wa chumba cha mwisho anaenda Sudan Kusini! Kujitolea na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kwenye kazi ya maji. Huyu huyu fundi wa mabomba wetu. Ploti nzima, hapa Witeithie, tulimpigia makofi.

Kisha nikajitazama kwenye kioo. Owino, karani wa ghala Thika, miaka hamsini na kitu, tumbo la heshima. Kwa nini nisiende? Nekesa akasema nitaulizwa kama nimewahi kupatanisha watu. Kwangu anayepatanishwa huwa ni mimi.

Jumanne, 2 Septemba

Hakuna anayegombana! Watu wanasalimiana tu, sasa, poa, sasa, poa. Aoko, mke wangu, anasema nikitaka vita niguse rimoti yake. Sitaki vita vya kushindwa.

Jumatano, 3 Septemba

Wazo! Kesho maji yanakuja. Hapa mtungi unashika foleni badala ya mwenyewe, na wa mwenzio hauguswi. Hata mlevi anauzunguka. Alfajiri nitausogeza wa jirani yetu Kavindu mbele ya wa jirani mwingine, Njambi. Watetane kidogo, nitokee na shati la bluu, rangi ya Umoja wa Mataifa, nipatanishe, Nekesa ashuhudie.

Alhamisi, 4 Septemba

Wololo! Njambi alimwita Kavindu mwizi wa foleni. Kavindu akasema mtungi wake hauna miguu. Njambi akajibu, basi mwenyewe anayo, tena mirefu! Majirani wakagawanyika. Nikatokea na shati la bluu, nikawaambia akina mama watulie. Njambi akauliza tangu lini nimekuwa mwenye ploti. Kavindu akanipa ndoo nimshikie, apate kuteta vizuri. Nikashika.

Nekesa akaja akafunga bomba. Wote wakamgeukia! Akamtaka kila mmoja aseme mwenzake ameumia wapi. Njambi akaanza kwa kiburi: eti Kavindu ameitwa mwizi mbele ya watoto wake. Akaondoa mikono kiunoni. Kavindu naye: eti Njambi ameamka na mtoto mwenye homa ili awahi maji. Kisha akauchukua mtungi wa Njambi, akaujaza kwanza.

Nilitokwa na machozi. Pia nikatoa hotuba ya kufunga, nikimkumbusha Kavindu kwamba kifuniko cha mtungi wake kimelegea, akibeba aangalie. Akauliza nimejuaje.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimehukumiwa kuwabebea maji wote wawili mpaka homa ya mtoto ishuke. Aoko amecheka mpaka akaketi chini. Nekesa hakunisema. Alishika upande wa pili wa mtungi, akaniita Baba Lynn, akasema huko haendi kuonekana. Anaenda kukaa na watu waliokasirika mpaka wachoke kukasirika. Mama huyu!

Jumapili, 14 Septemba

Nekesa amepiga simu kutoka Juba. Ameshinda juani kati ya pande mbili zinazogombea kisima kimoja. Jioni wamechota pamoja. Sauti imekauka, lakini anacheka. Ploti nzima tulisikiliza kwenye spika, na Njambi akasema yule ni wetu. Mimi pia nilivimba kifua.

Nimetafakari kwa unyenyekevu. Kosa langu nimeliona: ugomvi ulikuwa mdogo mno. Kwaya ya kina baba kanisani ina watu ishirini. Nimeshawadokezea kwamba kina mama wanasema wanaimba kama trekta. Shati la bluu liko kwenye kamba.