Mkondo A wa Barua Pepe

Jumatatu, 3 Machi
Nimezaliwa na bahati, jamani. Wengine huitafuta, mimi hunifuata hadi kazini. Leo, hapa mapokezi ya kiwanda cha magodoro, nimebonyeza mipangilio ya programu ya barua pepe kwa makosa, nikakuta hazina: "Chagua mkondo wa masasisho." Mikondo miwili! Thabiti na Majaribio. Mimi niko Thabiti. Nikashtuka. Shuleni mkondo A walikaa wenye akili. Mimi nilikaa C, karibu na mlango. Kumbe hata kompyuta ina madarasa, na wamenitupa kwa wazito!

Nikamuuliza Bwana Stoo, mtunza ghala wetu, yeye yuko mkondo gani. Akajibu Majaribio, tangu mwaka jana, na barua zake hujipanga zenyewe kama askari wa gwaride. Eti nisiguse, mkondo ule unataka kichwa. Kichwa! Mtu anayehesabu sponji kwa vidole!

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, mjane wa kaka yangu, kapiga simu. Chuo cha ukunga kitatuma jibu lake kwa anwani yangu, maana yeye hana kompyuta. Asipothibitisha kabla ya Ijumaa saa sita mchana, nafasi anapewa mwingine. Amesubiri miaka minne. Nikamwambia atulie, barua yake iko mikononi mwa mtu wa mkondo A.

Maana nilikuwa nimeshabonyeza Majaribio. Programu ikajifunga, ikajifungua. Lo! Rangi! Barua zinateleza kama zimepakwa mafuta. Nikakaa mdomo wazi robo saa nzima, simu ya mapokezi inalia peke yake.

Jumatano, 5 Machi
Programu inazimika kila nikigusa barua. Mara ishirini! Nikajifanya mjuzi, nikafuta toleo jipya, nikarudisha la zamani. Likagoma. Eti hifadhi yangu ya barua imeshafunguliwa na toleo jipya, lenyewe haliwezi kuisoma, nitengeneze nyingine. Nikatengeneza. Tupu! Barua elfu tatu, haipo hata moja.

Shemeji kauliza kama chuo kimejibu. Nikasema mtandao uko polepole. Ulimi ulikuwa mzito kama godoro lililonyeshewa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemeza aibu, nimemwita fundi wa kompyuta. Mama mpole, ila ulimi wembe. Akauliza nani kaniambia mkondo ni darasa. Majaribio ni kwa watu waliokubali kuvunjikiwa, akasema; wenye kazi hukaa Thabiti. Kwenda mbele ni kubonyeza tu, kurudi ndiko kwenye miiba. Na Bwana Stoo hajatoka Thabiti hata siku moja. Gwaride lote ni mdomo.

Kisha akauliza kama niliandika anwani na nywila kwenye hifadhi mpya. Nani, mimi? Akaandika yeye. Zikaanza kushuka! Moja, kumi, mia! Nikauliza zilikuwa wapi. Akasema hazikai humu, zinakaa kwenye seva, mbali huko. Sisi hapa tunazitazama tu. Mbali huko! Nikavua kofia. Ikapita barua ya marehemu kaka, maneno matatu: umekula, mdogo wangu? Nikaisoma mara mbili.

Halafu ya chuo. Amepata!

Nikampigia shemeji. Akalia, akacheka, akaniambia niandike ndiyo haraka kabla hawajabadili mawazo. Nikaandika NDIYO mara tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Chuo kimethibitisha. Shemeji kapita mapokezi, kasema mimi ni nguzo ya ukoo. Sikumpinga. Fundi naye kaniapisha nisitoke tena Thabiti. Nikaapa, mkono juu.

Saa nane mchana nikateremka chini kabisa ya mipangilio. Mkondo wa tatu, umejificha: "Wa Kila Siku." Toleo jipya kila asubuhi! Basi hii ndiyo A yenyewe. Nimeshabonyeza. Skrini imekuwa nyeusi tii, nukta moja nyeupe inazunguka katikati. Sijapata kuona kitu kizuri namna hii. Inazunguka saa ya pili sasa.

Haifunguki, na fundi niliyemwapia nitamwitaje tena? Ile bahati ya kuzaliwa nayo ni uongo. Sina.